Breakfast kwa Sitwayen Kalumbi

Kindu, Alhamisi, Ramazani imefika katikati. Jua kali tangu asubuhi. Mawingu yamepita juu ya mto yakaenda kunyeshea wengine. Nina hasira. Niandike hivyo kwanza, kabla ya salamu na kabla ya bismillahi: nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Nyumba iko kimya. Sumaili, mume wangu, amekwenda musikitini kwa tarawehe pamoja na mama yake. Ametoka na kanzu nyeupe ambayo nimeipiga pasi miye mwenyewe. Majirani walikuwa wanamungoja mulangoni. "Sumaili, mwanaume! Siku zote hizo umefungwa kashoni na swaumu yako hukuiachia!" Akainamisha kichwa, akashika kifua, akasema ni Mungu tu. Miye nimebaki na sufuria, maana mama mukwe ametangaza kwamba muke aliyekula muchana asitie mguu musikitini leo.

Ndiyo. Nilikula muchana.

Saa nne ya asubuhi, dirisha wazi, mutaa muzima unaona. Mukate, siagi ya kopo, yai, chai ya maziwa. Nilikula nikamaliza sahani.

Acha nieleze, maana katika nyumba hii hakuna mwingine atakayeeleza.

Miye ni mwalimu wa Kiingereza katika sekondari. Watu wananicheka: Kiingereza cha nini, Kindu hii? Unasema nacho na nani, na viboko? Lakini kiko katika programu, na miye nakipenda. Napenda kuchukua neno moja nilipasue, nione ndani mna nini. Kila mwaka, tukifika kwenye somo la vyakula, naandika ubaoni "breakfast", halafu nalikata katikati kwa mustari wa chaki. Upande huu kuvunja. Upande huu mufungo. Nawaambia watoto: muntu akilala usiku kucha bila kula, amefunga. Asubuhi akitia kitu mudomoni, amevunja mufungo. Waingereza wa zamani waliliona hilo wakalifanya jina la chakula. Na Wafaransa pia, ndani ya "déjeuner" yao mufungo umekaa humo humo, wamesahau tu. Sisi tunasema chai ya asubuhi, na anayetaka kusema vizuri anasema kifungua kinywa.

Halafu nauliza: nani hapa anajua kufunga? Watoto wa Kiislamu wanainua mikono juu, migongo imenyooka. Kwa mara hiyo moja wao njo wenye kujua, na watoto wa Kikatoliki wanageuka kuwatazama. Niliipenda saa hiyo ya somo kuliko zote.

Kalumbi alikuwa darasani mwangu. Wakati ule jina lake lilikuwa Gaspari, kabla serikali haijakataza majina ya Kikristo na kila muntu kukimbia kutafuta jina la babu yake. Alikaa mbele. Shati safi, adabu nyingi, Kiingereza kizuri kushinda wenzake wote. Siku ya somo lile alibaki nyuma akaniuliza: mwalimu, muntu akila katikati ya muchana, mufungo unaharibika wote au nusu? Nikamwambia wote. Hata tonge moja? Hata tonge moja. Akasema asante, mwalimu. Nilirudi nyumbani na furaha, nikamwambia Sumaili kuna mutoto wa Kikatoliki mwenye akili, anataka kujua dini ya wenzake.

Akili anayo, sikatai.

Leo Kalumbi njo mukubwa wa vijana wa Chama hapa muji, na sharti aitwe Sitwayen, yaani raia. Biro yake, ofisi ya Chama, iko kwenye avenyu, barabara kubwa ya muji, na abakosti zake, yale makoti ya serikali yasiyovaliwa na tai, zote zimeshonwa na Sumaili. Mume wangu ni fundi cherehani. Alimupima Kalumbi mabega, kifua, kiuno. Anamujua mwili wote.

Jumatatu jioni mutaa wetu uliitwa kwenye animasio. Hiyo ni kucheza na kuimba sifa za Chama, wakubwa kwa wadogo, mpaka wakuambie basi. Ukose, utaulizwa. Sasa cheza na swaumu, koo limekauka, jua halijashuka! Sumaili ana kifua kibaya, pumzi yake inapiga filimbi tangu utoto. Tulikuwa bado tunaimba, nikamuona anakaa chini kwenye vumbi, mukono juu ya kifua. Alikaa tu. Vijana wa Chama wakamwinua kwa kwapa wakamutia kasho, chumba cha kufungia watu nyuma ya biro. Kosa lake lilikuwa kukaa wakati Chama kimesimama.

Jumanne nilikwenda, nikafukuzwa kwenye geti. Jumatano vilevile. Jana jioni mwalimu mwenzangu akaninong'oneza kwamba Alhamisi lori litapeleka watu wa kasho kwenye barabara ya Punia, kuziba mashimo na kukata miti ndani ya msitu. Wenye kifua kizima wanarudi kutoka kule mifupa mitupu. Sumaili asingerudi. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Daku sikula, nikanywa maji tu. Leo asubuhi nikavaa kitenge changu kizuri nikaenda tena, na safari hii geti lilifunguliwa kabla sijabisha.

Kalumbi alisimama nilipoingia. Akafuta kiti kwa kitambaa chake mwenyewe.

"Mwalimu wangu! Karibu sana. Habari ya nyumba? Zaina hajambo?"

Nikamwambia binti yangu Zaina iko Kibombo kwa shangazi yake, wanavuna mupunga. Nikamwambia nimekuja kwa sababu ya baba yake Zaina.

"Iko muzima. Leo atalala kwake. Miye mwenyewe nimesema." Akavuta kitambaa kilichofunika meza. Sahani mbili, vikombe viwili, mukate umekatwa vizuri. "Lakini kwanza tukule." Halafu akasema kwa Kiingereza, na matamshi yale niliyomufundisha miye, hakuna hata herufi iliyopotea: "Breakfast, teacher."

"Sitwayen, unajua kama nafunga."

"Najua, mwalimu. Ungekuwa hufungi, ingekuwa mukate tu. Si njo wewe ulitufundisha?"

Na mukono wake ukakata hewa katikati, kama miye ninavyokata ubao.

Jamani, nimeona watu wabaya. Nimeona askari walevi, nimeona waasi walipoingia muji huu. Wale walipiga kelele. Huyu alinimiminia chai. Aliuliza sukari ngapi. Halafu akaenda akafungua dirisha, mbao zote mbili, akasema joto ni kali. Ng'ambo ya avenyu wanawake walikuwa wamepanga mustari wa kununua chumvi mbele ya duka. Mustari wote ukageuza shingo. Nilimuona jirani yetu wa mulango wa pili, kikapu kichwani, mudomo wazi.

Nilimuomba. Niandike na hilo, kwa nini nifiche? Nilimuomba kwa jina la Mungu wake na la Mungu wangu. Nilimwambia nipige, nifunge miye, nipeleke Punia miye. Nikasema, "Gaspari, mwanangu."

"Jina hilo halipo tena," akasema. Hakukasirika. "Sikia. Lori iko inawasha moto."

Kweli ilikuwa inanguruma uani, na vijana wanaita watu kwa majina.

"Nilikukosea nini?"

"Hakuna kitu, mwalimu. Wewe njo mwalimu bora wangu. Somo lile sijalisahau hata siku moja."

Na naamini alisema kweli. Hakuwa analipiza kitu. Alikuwa na neno zuri nililompa miye, akatamani kuliona linafanya kazi.

Nikachukua mukate. Harufu ya siagi ilikuwa imenifikia zamani, na mate yalikuwa yamejaa mudomoni bila aibu yoyote. Nikauma. Tonge moja lingetosha, sheria ile nilimwambia mwenyewe. Lakini yeye alitaka sahani nzima, akakaa kunitazama na mikono yake imekunjwa mezani, kama alivyokuwa anakaa darasani.

Nikafika kwenye yai. Yai lilikuwa limekaangwa likakauka.

"Iko sawa hivyo?" akauliza. "Maana bwana yako alikataa. La kwanza alilirudisha kwa mupishi. Akasema njano ibaki maji, na pilipili ipondwe na chumvi, iwekwe pembeni, isiguse yai."

Nikarudisha mukate kwenye sahani.

Hakuna muntu Kindu anayejua Sumaili anakula yai namna hiyo. Mama yake analiita yai bichi, anasema ni chakula cha nguchiro. Kwa hiyo analila jikoni mwangu tu, amesimama, mama yake akiwa ametoka. Tangu tuoane ninamukaangia hivyo, mayai ya kuku wangu mwenyewe, na pilipili naiweka pembeni.

"Alikula lini?"

"Jumanne asubuhi. Jana. Na leo pia, kabla yako. Hapa hapa, dirisha limefungwa. Sikumushika mukono, mwalimu. Nilisukuma sahani, yeye akavuta." Akaniongezea chai. "Jana nikamwambia: kesho tufungue dirisha, ukule watu wakuone, halafu urudi kwako. Hapo njo alikataa. Akasema: mwite muke wangu. Yeye ni mwalimu, watu watamusamehe."

Nikamaliza yai. Nikafuta sahani na mukate wa mwisho. Sikujua mikono inafanya nini.

Nilirudi kwa miguu katikati ya avenyu. Wanawake wa chumvi walininyamazia nikiwa mbele yao, wakaanza kusema nikiwa nimewapita. Njiani nilimutukana Kalumbi kwa lugha zote nilizosoma. Nikasema ni muongo, amesikia habari ya yai mahali fulani, labda Sumaili alimwambia fundi mwenzake wakati wa kumupima koti. Nani anaongea habari za mayai akipima koti! Lakini nilikuwa naomba iwe hivyo, kwa moyo wangu wote.

Sumaili aliletwa baada ya sala ya adhuhuri. Hakukonda. Mama yake alimulilia shingoni, akamuuliza mbele ya majirani wote: mwanangu, ulifunga? Walikuachia ufunge? Nilikuwa nimesimama kwenye mulango wa jiko na kikombe mukononi. Alinitazama kidogo, akatazama mama yake.

"Nilifunga, Mama."

Habari yangu ilikuwa imefika nyumbani kabla yangu, bila shaka. Jirani wa mulango wa pili ana miguu myepesi. Mama mukwe alichukua sahani yangu na kikombe changu, akavitoa kwenye kabati la chakula akaviweka chini karibu na majivu. Akasema, "Usikule na mwanangu. Yeye kashoni, ndani ya giza, alilinda swaumu yake. Weye na uhuru wako ulikwenda kujaza tumbo kwa kafiri, dirisha wazi." Nikamwambia nililazimishwa, lori lilikuwa linanguruma, aliyelazimishwa hana dhambi, mwalimu yeyote wa chuo cha Kurani atamwambia hivyo. Akajibu, "Nani alikushika mudomo? Ulitafuna mwenyewe."

Nikamutazama Sumaili. Sentensi moja tu. Sikuomba anitetee na hotuba. Angesema, Mama, ni kwa sababu yangu. Angesema tu, Mama, nyamaza. Alikuwa anatazama kucha zake. Halafu akafungua mudomo, nikavuta pumzi, na akasema:

"Mama, musamehe. Wanawake moyo wao ni mwepesi."

Wanawake moyo wao ni mwepesi!

Miaka yote hii nimemusugua kifua kwa mafuta ya mawese usiku pumzi ikimukataa. Nimefundisha na mimba, nimefundisha na malaria. Leo nimevua heshima yangu mbele ya mustari wa chumvi ili huyo muntu alale kitandani mwake, na ananiombea musamaha kwa kosa ambalo yeye amelifanya siku tatu, dirisha limefungwa. Sikumuchukia Kalumbi kama nilivyomuchukia Sumaili kwenye saa ile. Nimeandika, na sitafuta.

Sikulia. Nikaingia jikoni nikapika futari: uji wa muchele, ndizi, sombe ya majani ya muhogo. Mama mukwe akatandika mukeka, akaweka sahani yake na ya mwanawe. Adhana ikalia. Wakasema dua, wakanywa maji. Miye nilikuwa nimekaa karibu na majivu. Nikatoa yai moja kwenye kikapu, nikalikaanga mbele yao, nikaliondoa motoni njano ikiwa bado inacheza. Nikaponda pilipili na chumvi. Nikaiweka pembeni ya sahani, isiguse yai. Nikapeleka kwenye mukeka, nikaweka mbele yake kwa mikono miwili, kwa adabu yote.

Mama mukwe akaruka. "Nini hii? Yai halijaiva! Ondoa."

"Njo anavyolipenda, Mama," nikasema. "Nimeambiwa leo asubuhi."

"Nani amekuambia?"

Nilipiga magoti pale pale nikamungoja mume wangu ajibu. Mukono wake ulikuwa umesimama hewani na kipande cha ndizi. Alitazama yai, akatazama pilipili, akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu atoke kasho. Alijua. Nilimuona anajua, na naye aliona kwamba najua. Midomo yake ilikuwa myeupe.

"Acha, Mama," akasema. "Nitakula."

"Kula, baba, kula," mama yake akasema, na sauti yake ikawa laini. "Siku zote hizo hukuona yai."

Akala. Njano ikamwagika kwenye vidole, akailamba. Alimaliza na pilipili yote. Halafu akanawa, akavaa kanzu, akatoka kwenda kupokea sifa zake.

Sasa niko hapa na sufuria na nafsi yangu. Yai nina hakika nalo. Kula siwezi kumuhukumu, njaa naijua, miye pia nilivuta sahani. Angeniambia kwamba alikula kwa sababu ya woga au ya kifua, ningemuwekea kichwa mapajani na tungelipa siku zetu pamoja baada ya Idi, mulango umefungwa, bila mama yake kujua. Kinachonichoma ni dirisha. Je, ni kweli alisema, mwite muke wangu? Au Kalumbi aliliongeza tu, kama mupishi anavyoongeza chumvi, kwa sababu aliona nimerudisha mukate kwenye sahani? Huyo mutoto anaweza kuongeza. Na Sumaili anaweza kusema. Nimelala kando yake miaka yote hii na sijui kati ya hao wawili nani ni muongo.

Somo la vyakula litafika baada ya sikukuu. Nitaandika "breakfast" ubaoni na sitalikata. Chai ya asubuhi, nitawaambia, andikeni, tuendelee na neno lingine. Na watoto wasiinue mikono.

Kwa mama mukwe sitasema neno. Aendelee kumusifu mwanawe, amusifu sana. Kesho nitamwamsha Sumaili kwa daku, nitamwekea yai. Njano maji, pilipili pembeni. Jioni, lingine. Keshokutwa, lingine. Mama yake akiuliza nani ameniambia, nitapiga magoti ningoje, kama leo. Mpaka aseme kama dirisha lile alinipa yeye.

Na akisema ndiyo, nitafanya nini? Hilo sijui bado.

Nawasikia njiani, wanarudi, anacheka na majirani. Kuku wangu wanataga vizuri mwaka huu, alhamdulillahi.